Kabla ya kuihamisha studio

(Mazungumzo haya yalitangazwa redioni Jumapili iliyopita. Tunayachapa kwa faida ya wasomaji ambao hawakubahatika kuyasikia.)



Leo nataka tuzungumze kuhusu kinanda kilichonyamaza. Si kinanda cha mbao cha kanisani, wala si kile cha kupakatwa mapajani. Ni kinanda kilichokuwa ndani ya kompyuta, katika studio moja ndogo ya Tandika, jijini Dar es Salaam. Ijumaa mchana kilikuwa kinalia vizuri. Jumamosi asubuhi kilikuwa kimya, na hadi leo hakijalia tena.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka 2021 kwaya moja ya mtaani kwetu ilirekodi nyimbo 8 katika studio hiyo. Aliyeongoza sauti ya kwanza alikuwa mama mmoja muuza vitenge, mwenye sauti ambayo ukiisikia mara moja huisahau. Mwishoni mwa mwaka 2024 mama huyo alifariki dunia. Wanakwaya wakakubaliana kwamba nyimbo zile zirudiwe kusafishwa, sauti yake isogezwe mbele, na albamu itolewe Novemba 2025, katika ibada ya kutimiza mwaka mmoja tangu alipofariki. Michango ikapitishwa, mwenye studio akapewa malipo ya awali.

Mwenye studio ni kijana wa heshima, mwenye bidii na kazi yake. Wakati huo huo kila mahali palikuwa na tangazo kwamba mfumo endeshi wa Windows 10 unafikia mwisho wake tarehe 14 Oktoba 2025, na kwamba baada ya hapo kampuni ya Microsoft haitaurekebisha tena kama ilivyozoea. Kompyuta yake mwenyewe ilikuwa ikimkumbusha kila siku. Kijana akaona asibaki nyuma. Akamwita fundi, fundi akafuta kila kilichokuwamo katika diski kuu, akaweka Windows 11. Mafaili ya kazi hayakuguswa, maana yalikuwa katika diski ya pili. Wote wawili wakalala usingizi mzuri.

Asubuhi mwalimu wa kwaya akafika.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Haya, tufungulie ule wimbo wa kwanza, tumsikie mama."

Faili likafunguka. Sauti ya mama ikatoka safi, na sauti za wenzake nyuma yake. Lakini chini yao hapakuwa na kitu. Hapakuwa na kinanda, hapakuwa na besi, hapakuwa na ngoma. Mwalimu alidhani spika moja imekufa. Akasogea, akasikiliza upande huu, akasikiliza na upande ule, kisha akauliza: "Mwanangu, mbona wanaimba peke yao?"

Ndugu wasikilizaji, swali la mwalimu ndilo lililonileta mbele yenu leo. Maana lilimpata kijana huyu, na linaweza kumpata yeyote mwenye kompyuta ya kutengenezea muziki. Katika miji yetu watu hao sasa ni wengi. Studio haihitaji tena jengo kubwa. Chumba kimoja, godoro lililosimamishwa ukutani kuzuia mwangwi, maikrofoni, na kompyuta, studio imekamilika.

Tuanze na swali lenyewe. Kwa nini sauti za watu zilibaki na vyombo vikanyamaza?

Mtu anapoimba mbele ya maikrofoni, sauti yake huhifadhiwa katika kompyuta kama sauti kamili. Faili lake ni kama tepu. Ukilipeleka kwenye kompyuta nyingine, hata ya miaka 20 ijayo, kwa kadiri tunavyoweza kuona litasikika. Lakini kinanda cha ndani ya kompyuta hakihifadhiwi hivyo. Kinachohifadhiwa ni maagizo tu: bonyeza noti hii, kwa nguvu hii, kwa muda huu. Maagizo hayo huandikwa kwa utaratibu unaoitwa MIDI, uliokubaliwa na watengenezaji wa vyombo vya muziki mwaka 1983. Anayeyageuza maagizo kuwa sauti ni programu nyingine ndogo, ambayo vijana wa studio huiita plagini.

Wanakwaya watanielewa nikisema kwamba maagizo yale ni kama karatasi ya solfa. Karatasi ya solfa haina sauti. Unaweza kuitunza miaka 100 kabatini, lakini siku ya ibada, kama mpiga kinanda hayupo, karatasi haitaimba. Katika studio ya Tandika karatasi zilikuwapo zote. Aliyekosekana ni mpigaji. Fundi alipofuta diski kuu, alimfuta na yeye.

Bila shaka mtauliza: kwa nini kijana asiiweke tena programu hiyo? Hapo ndipo penye jambo ambalo hatupendi kulisema hadharani. Programu ile hakuinunua. Aliipata kwa rafiki, miaka mingi iliyopita, katika flashi, ikiwa imekwisha kuvunjwa kufuli lake. Rafiki hanayo tena. Aliyeitengeneza hawezi kuulizwa, maana mtu hawezi kudai huduma kwa kitu ambacho hakukilipia. Sisemi haya kwa kumcheka kijana. Najua bei za programu hizi zikigeuzwa kuwa shilingi zinavyotisha, na najua studio nyingi zilivyoanza. Nasema tu kwamba kitu cha bure kina gharama yake, na mara nyingi gharama hiyo hulipwa siku ya kuhama.

Si hivyo tu. Hata aliyenunua kila kitu kwa stakabadhi anaweza kukwama. Mfano wa kwanza ni wa kompyuta za Apple, ambazo studio nyingi duniani huzipenda. Oktoba 2019 kampuni hiyo ilitoa mfumo ulioitwa Catalina, na mfumo huo ukaacha kabisa kuendesha programu za zamani za biti 32. Watu waliobonyeza kitufe cha kukubali bila kusoma waliamka na plagini walizozinunua kwa fedha zao zikiwa hazifunguki. Mfano wa pili ni wa programu ya kurekodia ya Cubase, ambayo toleo lake la 9, lililotoka mwishoni mwa mwaka 2016, nalo liliacha kupokea plagini za biti 32. Nyimbo zilizojengwa juu ya plagini hizo zikafunguka zikiwa na mapengo.

Basi tufanyeje? Tukatae kuhama? Wapo wanaosema hivyo, na hoja yao ina uzito. Kompyuta ya studio, wanasema, ni chombo cha kazi kama cherehani. Fundi cherehani habadilishi mashine kwa sababu imetoka mashine nyingine. Hubadilisha pale ya kwake inaposhindwa kushona. Hoja hii ina ushahidi. Kompyuta ya Atari ST, iliyotoka mwaka 1985 ikiwa na matundu ya MIDI, iliendelea kutumika katika baadhi ya studio za Ulaya muda mrefu baada ya kuonekana imepitwa na wakati, kwa sababu iliifanya kazi yake barabara. Wahenga wetu walikwisha kusema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Hata hivyo, kukataa kuhama nako kuna hatari yake. Mfumo usiorekebishwa ni nyumba ambayo kufuli lake likiharibika hakuna wa kulitengeneza. Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilienea katika nchi nyingi kwa siku chache, kikifunga mafaili ya watu na kudai malipo ili kuyafungua. Hospitali za Uingereza zilikuwa miongoni mwa zilizoathirika. Marekebisho ya kuziba tundu hilo yalikuwa yametolewa miezi miwili kabla, lakini wengi hawakuwa wameyaweka. Sasa fikirini studio yenye kazi za wasanii 40, mafaili yote yamefungwa, na anayedai fedha hajulikani aliko.

Yupo atakayesema kwamba kompyuta yake ya muziki haiunganishwi na intaneti, kwa hiyo haina wasiwasi. Ni kinga nzuri, nami naiunga mkono. Lakini tuulizane kwa ukweli: wasanii wanaokuja na midundo yao huileta katika nini? Huileta katika flashi, na flashi hiyo jana ilikuwa katika duka la kuchapia, na juzi katika simu ya mtu mwingine. Kirusi hakina haja ya intaneti kama mlango wa flashi uko wazi.

Aidha, kuna suala la kompyuta zenyewe. Nyingi ya zinazotumika katika studio zetu ndogo ni za mtumba, zilizokwisha kufanya kazi katika ofisi za ng'ambo. Windows 11, iliyotolewa Oktoba 2021, inataka kompyuta yenye kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, na kwa upande wa Intel inakubali, isipokuwa chache, prosesa za kuanzia kizazi cha 8. Kompyuta nzuri ya kizazi cha 6 au cha 7, yenye nguvu ya kutosha kutengenezea albamu nzima, hukataliwa mlangoni. Wapo mafundi wanaojua kuipitisha mlango wa nyuma, na kompyuta huwaka na kufanya kazi. Lakini Microsoft imesema wazi kwamba kompyuta iliyoingizwa kwa njia hiyo haina haki ya kudai marekebisho yajayo. Kwa hiyo mtu amehama nyumba moja isiyo na mlinzi akaingia nyingine isiyo na uhakika wa mlinzi, na njiani amepoteza vyombo.

Kumbe, kwa wasio na haraka, nafasi ya kupumua ilikuwapo. Kampuni hiyo ilifungua utaratibu wa watumiaji wa kawaida wa Windows 10 kujiandikisha na kupata marekebisho ya usalama kwa mwaka mmoja zaidi, hadi Oktoba 2026. Kijana wetu hakuwa na sababu ya kuhama Ijumaa usiku huku kazi ya kwaya ikiwa mezani. Hakuna aliyemwambia, naye hakuuliza.

Ndugu wasikilizaji, mimi sisemi tuhame, wala sisemi tusihame. Nasema kwamba swali la kwanza si la mfumo. Swali la kwanza ni hili: ndani ya kompyuta hii mna mali ya nani? Mwenye studio ni mwenye kompyuta, lakini nyimbo zilizomo si zake peke yake. Mna jasho la mtunzi, mna sauti ya mwimbaji, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawatambua wote wawili. Mwenye studio ni kama fundi saa: kabatini kwake kuna saa za watu. Akitaka kubadilisha kabati, kwanza azitoe saa.

Kuzitoa saa kwenyewe si kazi ngumu. Niruhusuni niieleze kama nilivyoelezwa na watu wa kazi hiyo.

Kwanza, usihame katikati ya kazi. Maliza uliyoahidi, kabidhi, ndipo uhame. Kama kazi hazikatiki, tenga siku na uwaambie wateja mapema. Na siku hiyo hakikisha umeme una akiba, maana umeme ukikatika mfumo ukiwa nusu njia, unaweza kubaki na kompyuta isiyo na mfumo wa zamani wala mpya.

Pili, na hili ndilo kubwa kuliko yote, geuza kila chombo kuwa sauti. Fungua kila wimbo wakati kinanda kingali kinalia, kisha toa kila traki peke yake kama faili la sauti la WAV: kinanda faili lake, besi faili lake, ngoma mafaili yake, na kila mwimbaji faili lake. Yote yaanzie mwanzo kabisa wa wimbo, hata kama chombo kinaingia katikati, ili siku moja yakipangwa katika programu yoyote yakae sawa bila kubahatisha. Andika na mwendo wa wimbo. Ukifanya hivyo umeigeuza karatasi ya solfa kuwa tepu.

Mtu asiseme hana nafasi. Traki moja, kwa kiwango cha kawaida cha studio, huchukua megabaiti zipatazo 8 kwa dakika. Wimbo wa dakika 5 wenye traki 20 ni megabaiti 800 hivi. Nyimbo 8 za kwaya yetu zingekuwa gigabaiti 6 na kitu. Zingeenea katika flashi ya gigabaiti 8, ndogo kuliko kidole.

Tatu, weka nakala mbili, na mojawapo isilale katika studio. Mwizi akiingia, au moto, au maji ya mvua zetu za masika, hataiacha diski moja akachukua nyingine. Na mahali pazuri pa nakala ya pili ni kwa mwenye wimbo. Msanii akimaliza kulipa, akabidhiwe traki zake, si wimbo uliokwisha kuchanganywa tu. Na wewe msanii unayenisikiliza, usiondoke bila kuziomba. Kuomba mali yako si kumkosea adabu prodyuza.

Nne, orodhesha programu zako zote, na namba zake za usajili, kisha uliza moja moja kama mtengenezaji wake ametangaza kwamba inafanya kazi katika mfumo mpya. Usisahau kile kisanduku kinachounganisha maikrofoni na kompyuta. Kinahitaji draiva yake, na mtengenezaji anaweza kuwa ameacha kuitengeneza. Bila draiva sahihi, mwimbaji hujisikia katika visikizio akiwa amechelewa kidogo. Na ikizidi milisekunde 10 hivi, wengi huanza kuyumba, wakadhani wao ndio wabovu.

Tano, usifute nyumba ya zamani kabla ya kulala katika mpya. Nunua diski nyingine, weka mfumo mpya humo, na ile ya zamani itoe uiweke mtotoni mwa meza pamoja na mfumo wake na programu zake zote. Mambo yakienda kombo, unairudisha, na baada ya dakika chache kinanda kinalia kama jana. Windows 11 yenyewe, kama imewekwa juu ya ile ya zamani bila kufuta, humpa mtu siku 10 za kubadili mawazo. Lakini siku 10 si nyingi kwa mtu mwenye studio, na aliyefuta kila kitu hana hata hizo.

Jumla ya haya yote ni neno moja ambalo bibi zetu walilijua kabla ya kompyuta: akiba haiozi.

Wapo watakaosema kwamba zamani palikuwa bora. Bendi zetu zilirekodi katika tepu pale Redio Tanzania Dar es Salaam, na katika tepu gitaa lilikuwa gitaa, halikuwa maagizo. Ni kweli. Marehemu Mbaraka Mwinshehe alifariki mwaka 1979, na gitaa lake tunalisikia mpaka leo. Lakini tusidanganyane. Tepu nazo huchakaa, mashine za kuzichezea hupungua, na zile zinazosikika leo zinasikika kwa sababu kuna mtu alijali akazihamisha kwa wakati. Zama zote ni sawa katika hili: kazi ya muziki haidumu kwa sababu ya chombo kilichoibeba. Inadumu kwa sababu kila chombo kilipozeeka, palikuwa na mtu aliyeihamisha kwa uangalifu.

Pengine mngependa kujua kwaya iliishia wapi. Kijana hakukimbia, na kwa hilo nampongeza. Alimwambia mwalimu ukweli, akakataa kupokea fedha iliyobaki. Mwalimu akamtafuta mpiga kinanda, akakaa katika studio ile jioni baada ya jioni, akipiga upya nyimbo 8 chini ya sauti ya mama, akimfuata anapopumua na anapochelewesha neno. Kazi hiyo haikuwahi ibada ya kumbukumbu. Siku hiyo wanakwaya waliimba bila albamu, na nafasi ya mama katika mstari wa mbele wakaiacha wazi.

Albamu ilitoka baadaye. Wanaoijua ya kwanza wanasema kinanda si kile. Sauti ya mama ni ile ile, kwa sababu yenyewe ilikuwa sauti, haikuwa maagizo.

Na katika studio ya Tandika sasa kuna desturi mpya. Kila msanii anayemaliza kazi hukabidhiwa flashi yenye traki zake zote, kisha hutia saini katika daftari kwamba amezipokea. Mwalimu wa kwaya ndiye aliyetia saini ya kwanza.